Kitu cha Kale Kilichoporwa Vitani Kikifika Dukani Kwako: Mwongozo kwa Watu wa Arusha na Moshi

Kutoka mpaka wa Namanga hadi Mnara wa Saa, katikati ya Arusha, ni safari ya kilomita mia moja na ushei, na kutoka Holili hadi Moshi mjini ni karibu zaidi. Mji wenye maduka ya vinyago kila mtaa, madalali wa vito, mabasi ya nchi jirani na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro ulio kati yake na Moshi ni mji ambao mali iliyoporwa mbali inaweza kuupita bila mtu kushtuka. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023, na Makumbusho ya Taifa yaliyoko Khartoum yakaporwa. Septemba 2024 UNESCO iliwaomba wafanyabiashara na wanunuzi wa dunia nzima wasinunue, wasiingize wala wasisafirishe malikale za nchi hiyo. Ombi hilo linamhusu pia mwenye duka wa hapa kwetu, kwa sababu kitu cha wizi hakiandikwi usoni kwamba kimetoka Khartoum.

Nimeshughulika na vitu vya kale hapa Arusha kwa miaka mingi, kwanza nikiwa muuzaji katika duka la vinyago na baadaye nikiwa mtunza ghala. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya muuza vinyago, mwongoza watalii, wakala wa forodha na dereva wa masafa marefu, yaani watu ambao kitu kama hicho huwafikia kabla hakijamfikia mtaalamu yeyote. Nitarudia neno moja mara nyingi, nalo ni kuandika. Mwenye mali asiye na maandishi wala picha ya kitu chake hawezi kukidai hata akikiona kwa macho yake, na wewe uliyekiona kwa dakika kumi unaweza kuwa ndiye pekee aliyekiandika tangu kilipotoka kilipoporwa.

Hatua ya kwanza: usinunue, na usimfukuze aliyekileta

Wapo wenye nia njema wanaosema kwamba wangekinunua ili kukiokoa. Ninaelewa huruma hiyo, lakini fedha yako humfikia mchimbaji na mporaji, naye kesho hurudi shimoni au ghalani kutafuta kingine. Kumfukuza aliyekuletea nako hakusaidii, maana atatoka mlangoni kwako na kuingia kwa jirani, na baada ya hapo hakuna ajuaye kitu kilikokwenda.

Mpokee kama unavyompokea mgeni yeyote. Akiwa amekuzidi umri, msalimie shikamoo, mpe kiti, agiza chai. Mweleze ukweli kwa maneno machache: «Mzee wangu, kitu cha namna hii mimi sinunui, kwa sababu kinahitaji karatasi. Ila ukiniruhusu nikipige picha, nitamwuliza mtaalamu.» Usimtuhumu, usimfungie mlango na usijifanye mpelelezi. Huenda hajui anachokibeba. Huenda ni mkimbizi aliyelipwa nauli tu ili akibebe. Huenda pia ni mtu hatari. Hakuna sanamu inayostahili uhai wako au wa kijana wako wa dukani, kwa hiyo akikataa picha, mwache aende, kisha kaa chini mara moja uandike yote uliyoyaona kabla hayajafutika kichwani.

Upole huu umewahi kufanya kazi kubwa. Makumbusho ya Iraq mjini Baghdad yaliporwa kwa siku chache kuanzia tarehe 10 Aprili 2003, na vitu vipatavyo 15,000 vikatoweka. Matthew Bogdanos, kanali wa Marekani aliyeongoza uchunguzi, alitangaza msamaha: mwenye kitu cha makumbusho akirudishe, naye hataulizwa alikipataje. Watu wake walipita mitaani, wakakaa kwenye vibanda vya chai, wakazungumza na masheikh. Vitu vikaanza kurudi. Tarehe 12 Juni mwaka huohuo watu watatu walifika na gari, wakiwa wamefunga ndani ya blanketi Chombo cha Warka, chombo cha mawe chenye kimo cha mita moja hivi na umri wa zaidi ya miaka 5,000, kikiwa kimevunjika vipande. Msamaha haukufua dafu peke yake, kwa kuwa uso wa marmari uitwao Kinyago cha Warka ulipatikana Septemba ukiwa umefukiwa shambani, na sanamu ya shaba ya Bassetki, yenye uzito wa kilo 150 hivi, ilitolewa Novemba ndani ya shimo la majitaka. Hivyo vilihitaji watoa habari na msako. Msako ni kazi ya polisi. Kazi ya mwenye duka ni kuhakikisha kwamba aliye tayari kukiachia kitu hapati sababu ya kuogopa.

Hatua ya pili: kitazame kabla hujakigusa

Kwanza, igeuze akili yako mbali na uzuri wake. Tazama chini ya kitako, ndani ya mdomo wa chombo, nyuma ya shingo ya sanamu. Makumbusho huandika namba zao kwa wino mdogo mahali pasipoonekana kirahisi, na mwizi hukwangua. Doa lililokwanguliwa, lenye umbo la mstatili na rangi tofauti na sehemu nyingine, ni ishara nzito kuliko hadithi yoyote utakayosimuliwa. Tazama pia mivunjiko: jiwe lililovunjika miaka elfu iliyopita lina kingo zilizofifia na rangi ileile ya mwili wake, ilhali lililokatwa kwa msumeno mwaka jana lina kingo kali na rangi iliyopauka. Udongo mbichi uliokwama katika nakshi humaanisha kwamba kilichimbwa karibuni, na kitu kilichochimbwa kwa siri hakiwezi kuwamo katika orodha ya makumbusho yoyote, jambo linalofanya maelezo yako yawe na thamani zaidi.

Usidharau vidogo. Katika yaliyoibwa Baghdad ilikuwamo mihuri ya kale ya mviringo zaidi ya 4,000, mingi ikiwa haizidi ukubwa wa kidole, ambayo mtu mmoja angeweza kuibeba ndani ya mkoba. Sarafu, shanga, mihuri na vidonge vya udongo vyenye maandishi ndivyo vinavyosafiri mbali zaidi.

Ni haki kusema pia kwamba vingi vitakavyoletwa dukani ni bandia. Sote katika biashara hii tunajua jinsi kinyago cha mwezi uliopita kinavyopakwa kiwi ya viatu, kikafukizwa moshi na kufukiwa udongoni hadi kionekane cha enzi za mababu. Usijaribu kuamua mwenyewe. Kiandike kama cha kweli, na wataalamu wataamua.

Hatua ya tatu: usikioshe

Kama umeachiwa kitu, au kama polisi wamekuomba ukihifadhi hadi wafike, kiache kama kilivyo. Katika miaka yangu ya kwanza ghalani nililetewa chungu cha kale kilichokuwa na utando mweusi ndani, nami nikakisugua kwa sabuni hadi kikang'aa, nikidhani ninakitendea wema. Mtaalamu alipofika alinionyesha kwamba utando ule ulikuwa mabaki ya chakula, na kwamba ndio ungeweza kusema chungu kilipikiwa nini na katika zama zipi. Sikuweza kuurudisha. Tangu siku hiyo sijakiwekea maji kitu chochote cha kale.

Usipake mafuta, vanishi wala kiwi. Usiunge kwa gundi. Usibandike selotepu, kwa sababu huondoka na ngozi ya juu ya kitu. Kishike kwa mikono miwili, chini ya uzito wake na si kwenye mkono au sikio lake, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa. Kifunge kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kukauka vizuri, kisha ukiweke katika boksi gumu ambamo hakitatikisika. Gazeti lisigusane nacho, maana wino wake huhama.

Hatua ya nne: kiandike na ukipige picha

Hapa ndipo pa kutumia muda wako wote. Tangu mwaka 1997 kuna kipimo cha kimataifa cha kuelezea kitu cha sanaa au cha kale, kiitwacho Object ID, ambacho polisi, forodha na makumbusho wa nchi nyingi wanakitumia. Kinauliza maswali machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyajibu kwa daftari na rula: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa malighafi gani na kwa njia gani, kina vipimo gani, kina maandishi, namba au alama zipi, kina sifa gani ya kukitofautisha na kingine cha aina yake, kinaonyesha nini, ni cha zama zipi, kama inajulikana, nani alikitengeneza, kama inajulikana.

Swali la sifa ya kutofautisha ndilo linalorudisha vitu nyumbani. Ukiandika «sanamu ya zamani ya mtu, nzuri sana», umeeleza nusu ya sanamu za dunia. Ukiandika «kichwa cha jiwe jeusi, kimo sentimita 14.2, upana sentimita 9, pua imemegeka upande wa kushoto, shimo jembamba nyuma ya sikio la kulia, alama ya mkwanguo ya sentimita 2 chini ya shingo yenye mabaki ya wino mweupe», umeeleza kitu kimoja tu. Kovu, ufa, kasoro na doa ndivyo viandikwe kwanza, maana mafundi wanaweza kuiga uzuri wa kitu lakini hawawezi kubahatisha ufa wake.

Picha ipigwe kwa mwanga wa mchana, pasipo flashi, kitu kikiwa juu ya kitambaa cha rangi moja. Kanga yenye maua huchanganya macho. Weka rula kando yake ionekane pichani. Piga mbele, nyuma, pande zote mbili, juu na chini, kisha sogea karibu upige kila alama peke yake. Ukizituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida zitabanwa na kupoteza ukali pamoja na tarehe zilizofichwa ndani yake, hivyo zitume kama faili na ubaki na za asili katika simu. Usizirushe kwenye makundi wala mitandaoni. Tangazo la hadharani humwarifu anayekifuatilia kwamba kimeonekana, na kitu huhamishwa usiku huohuo.

Mwisho wa ukurasa andika tarehe, saa, mahali, maneno ya aliyekileta kama alivyoyasema, njia aliyodai kupitia, bei aliyotaja, na jina lako. Tofautisha ulichokiona na ulichokisikia.

Hatua ya tano: soma karatasi zake kwa jicho la karani

Wauzaji wajanja huja na hati. Hati si ushahidi mpaka isomwe. Mwaka 2017 Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalinunua jeneza lililopakwa dhahabu la kuhani Nedjemankh kwa dola milioni 4 hivi, likiwa na kibali cha kulitoa Misri cha mwaka 1971. Wachunguzi walibaini kwamba jeneza liliporwa katika machafuko ya 2011 na kibali ni cha kughushi: kilidai kutolewa Mei 1971 lakini muhuri wake ulitaja Jamhuri ya Kiarabu ya Misri, jina ambalo nchi ililichukua baadaye mwaka huo, maana wakati ule ilikuwa bado inaitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. Jeneza lilirudishwa Misri mwaka 2019.

Kidonge cha udongo cha Gilgamesh, kutoka Iraq, nacho kilisafiri na barua iliyodai kwamba kilinunuliwa mnadani mwaka 1981 ndani ya boksi la vitu mchanganyiko vya shaba. Udongo ndani ya boksi la vitu vya shaba. Kampuni ya Hobby Lobby ilikilipia dola milioni 1.67 mwaka 2014, na mwaka 2021 kikarudi Iraq.

Basi uliza: jina la nchi katika muhuri lilikuwa linatumika mwaka huo? Maelezo katika hati yanafanana na kitu kilicho mezani, au ni ya jumla mno kiasi cha kufaa kitu chochote? Vipimo vipo? Picha ipo? Karatasi iliyozeeka lakini imekunjwa mara moja tu inatia shaka, na hadithi ya «kilikuwa cha babu yangu» isiyo na jina la kijiji cha babu inatia shaka zaidi.

Hatua ya sita: linganisha na orodha

INTERPOL, shirika la polisi la kimataifa, ina hifadhidata ya vitu zaidi ya 50,000 vilivyoibwa, na tangu 2021 kuna programu ya simu isiyolipiwa iitwayo ID-Art inayomwezesha mtu wa kawaida kupekua humo kwa picha au kwa maneno. Ipakue leo, kabla hujaihitaji. Baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, nalo hutoa Orodha Nyekundu: ya Iraq ilitolewa 2003, ya Syria 2013, ya Libya 2015, ya Yemen 2018, ya Ukraine 2022, na nyingine. Orodha hizo zinaonyesha aina za vitu vilivyo hatarini, si vitu vilivyokwisha kuibwa, na watu wengi huchanganya mambo hayo mawili. Kutokukiona kitu chako popote hakukisafishi, kwa sababu kilichochimbuliwa usiku hakijawahi kuwa na jina katika orodha yoyote.

Hatua ya saba: toa taarifa, na usikiache bila stakabadhi

Nenda kituo cha polisi, eleza ulichoandika, na uchukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Wakati huohuo peleka nakala kwa idara ya serikali inayosimamia malikale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Ukiwa Arusha na hujui pa kuanzia, waulize Makumbusho ya Elimu ya Viumbe yaliyo ndani ya Boma la Wajerumani, mwisho wa Barabara ya Boma. Kama kitu kinakaribia kusafirishwa, maofisa wa forodha wa Namanga, Holili au uwanja wa ndege ndio wa kuambiwa kwanza, maana saa zinahesabika. Polisi wa Tanzania wana dawati la INTERPOL, nao ndio wenye uwezo wa kuiuliza nchi nyingine. Ofisi ya kanda ya INTERPOL iko Nairobi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda malikale za Tanzania na kukataza kuzitoa nchini bila leseni. Kwa vitu vya nchi nyingine vipo vyombo vya kimataifa: Mkataba wa The Hague wa 1954 kuhusu mali za kitamaduni wakati wa vita, Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu, na maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kama namba 1483 la 2003 kuhusu Iraq, 2199 la 2015 kuhusu Iraq na Syria, na 2347 la 2017. Mkataba wa 1970 unaelekeza kwamba nchi iliyoibiwa iombe kitu chake kwa njia ya kidiplomasia, na kwamba aliyekinunua bila kujua alipwe fidia ya haki. Kwa hiyo usijaribu kukipeleka ubalozini mwenyewe kwa basi la usiku. Ukikamatwa nacho njiani, ni wewe mwenye kitu cha wizi.

Unapokikabidhi, anayekipokea aandike jina, cheo, tarehe na maelezo yaleyale yaliyomo katika daftari lako, kisha asaini, nawe usaini. Kila mkono kitakaopitia uwe na karatasi ya namna hiyo. Mnyororo ukikatika mahali pamoja tu, wakili wa upande wa pili atadai kwamba kilicho mahakamani si kile kilichochukuliwa dukani, na huenda akashinda.

Kwa wanaokwenda wenyewe penye vita

Vijana wetu hupelekwa kulinda amani, na madereva wetu hupeleka misaada. Ukiona jengo lenye alama ya ngao ya buluu na nyeupe, hiyo ndiyo alama ya Mkataba wa The Hague: jengo hilo limelindwa. Usiokote kitu cha ukumbusho, hata kigae. Kitu kikiwa kimetawanyika sakafuni, kipige picha kilipo kabla hakijasogezwa, mwarifu kamanda wako, na daftari za orodha za makumbusho ziokolewe kabla ya sanamu. Najua ni vigumu kulikubali hilo ukiwa umesimama mbele ya sanamu yenyewe. Lakini daftari moja la orodha linaweza kudai vitu elfu, na sanamu moja haiwezi kudai hata yenyewe.

Kwa koo za Kilimanjaro na Meru

Wengi wanaosoma haya wanaulizia jambo lililo karibu zaidi na moyo, na lina uhusiano wa moja kwa moja na hatua ya nne. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, huko Old Moshi pamoja na viongozi wenzake, na inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba, kwa vipimo vya vinasaba, mafuvu matatu kutoka Tanzania yamepata ndugu walio hai, na moja wapo lilikuwa la mshauri mkuu wa Mangi Meli. Watafiti walijua waanzie wapi kwa sababu fuvu hilo lilikuwa limeandikwa neno moja: Akida. Neno lililoandikwa na mkono wa waliochukua ndilo lililomwelekeza kwa ukoo wake baada ya zaidi ya miaka mia moja na ishirini.

Kama ukoo wenu unajua kwamba mkuki, ngao, kiti, pembe au mwili wa mzee ulichukuliwa katika vita vya Wajerumani vya wakati ule, msisubiri barua kutoka Ulaya. Waketisheni wazee, mrekodi sauti zao, muandike jina la aliyechukuliwa kitu, jina la mahali, mwaka au tukio la karibu nao, jina la ofisa wa Kijerumani kama linakumbukwa, na jinsi kitu kilivyokuwa, makovu yake yakiwamo. Andikeni nasaba hadi kwa walio hai leo. Tengenezeni nakala tatu: moja ibaki kwa mkubwa wa ukoo, moja ikae mbali na nyumba hiyo, na moja ipelekwe serikalini, kwenye idara ya malikale, kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa. Kisha wekeni zamu ya kijana mmoja wa ukoo atakayekwenda kuulizia kila baada ya miezi mitatu, akiwa na nakala ya barua hiyo na tarehe ya muhuri wake.